Kiwanja cha Kamukunji

Wasomaji wetu, wengi miongoni mwetu tuna jamaa Majengo ya Pumwani, mtaa wa Nairobi uliojengwa katika miaka ya 1920. Jirani na hapo pana kiwanja cha Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi walijitokeza kudai vyama vingi, ijapokuwa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Na hadi leo Wakenya huuita mkutano wa hadhara kamukunji.

Iko historia nyingine, nayo ni ya mpira. Shule ya upili yenye jina hilohilo iliwasomesha ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010. Wanyama, akiichezea Celtic, aliifunga Barcelona tarehe 7 Novemba 2012.

Ndugu hao walikulia mitaa ya Eastlands, ambako watoto ni wengi na nafasi ni finyu, nayo ardhi ya umma haikosi wenye kuimezea mate. Kiwanja kikishajengwa, kijana wa miaka 15 atakwenda wapi jioni? Atakwenda vichochoroni, na mama ndiye atakayekesha akimngoja.

Basi popote tulipo, Nairobi, Mombasa au Lamu, tuhudhurie mikutano ya wazazi na tuulize: hati ya kiwanja cha shule yetu iko kwa nani? Tuulize mapema, kabla ukuta haujasimama.