Kabla Hujazima Wingu, Toa Kwanza Namba za Watu

Wanachuo wenzangu, kuna ushauri unaozunguka sana hapa chuoni siku hizi: zima usawazishaji wa simu yako. Zima, bando lisiishe bure. Zima, kampuni za nje zisijue unafahamiana na nani. Zima, nafasi ya bure imejaa. Ushauri huo nauunga mkono, ila kwa sharti moja: usizime chochote kabla namba za watu hazijawa mkononi mwako. Na ukienda likizo, usiguse simu ya mama yako kama bado hujajua tofauti ya kuzima usawazishaji na kuondoa akaunti. Hizo ni kazi mbili, na anayezichanganya anaitia familia hasarani.

Kusawazisha, au kusinki kama tunavyosema, maana yake ni kwamba simu yako na kompyuta za kampuni iliyo mbali zinapeana habari kila mara ili orodha zao zifanane. Ukiongeza jina huku, linaongezeka na kule. Ukilifuta huku, linafutika kule, na pia kwenye simu nyingine yoyote yenye akaunti hiyo. Wengi wetu tunadhani wingu ni stoo: unaweka gunia, unaondoka, ukirudi unalikuta. Kwa namba za watu haliko hivyo. Ni kama kioo, kinachotoka huku kimetoka na kule.

Natokea Old Korogwe, na kule jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana bwenini. Simu janja nyingi za wazazi wetu hawakuzifungua wao. Tulizifungua sisi watoto, au fundi wa dukani. Simu mpya inadai akaunti ya barua pepe, mama hana, basi mtoto anaweka ya kwake yaishe. Mwaka unaofuata mdogo wake naye anapata simu, inawekwa ileile. Akaunti moja, simu tatu. Ndiyo maana kwenye simu ya mama utakuta "Dokta Takwimu" na "CR Mwaka wa Pili", na kwenye simu yako utakuta "Mama Kikoba" na "Boda Mtonga".

Na fundi ana mtindo wake. Anafungua akaunti chapchap, anaweka nenosiri analolijua yeye, mteja anaondoka kafurahi. Siku simu ikiibiwa, namba ziko kwenye wingu salama salimini, ila mwenye ufunguo hajulikani. Tena hazitakaa huko milele. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba ya mwaka huo.

Najua kuna mtu atasema, "Namba si kitu bwana, utaziomba tena kwenye grupu." Wewe utaziomba. Mama ataziomba kwa nani? Watu wake wengi wanatumia kitochi, hawamo kwenye grupu lolote. Kwenye orodha yake yumo mweka hazina wa kikoba, yumo wakala anayemwamini, yumo mnunuzi wa machungwa, yumo boda anayekubali kumpeleka mgonjwa Magunga saa nane za usiku. Wamo ndugu wa Handeni ambao huwasiliana nao tu pakiwa na msiba au harusi. Zamani mambo haya yalikaa kwenye daftari, na barua zikapitia sanduku la posta la shule au la shamba la mkonge. Daftari likiloa, angalau kuna kurasa zinazosomeka. Orodha ya simu ikipotea, imepotea yote.

Sasa kazi yenyewe ifanyike hivi.

Kwanza, jua kila namba inakaa wapi. Kwenye simu nyingi za Android majina hukaa sehemu tatu: kwenye akaunti, kwenye simu yenyewe, au kwenye laini. Ukifungua jina moja moja au mipangilio ya orodha utaona.

Pili, toa nakala. Ndani ya programu ya majina kuna sehemu ya kuhamishia orodha kwenye faili. Faili hilo huishia na herufi vcf, ni dogo sana, na karibu kila simu janja inalisoma. Lihamishe kutoka kwenye simu: liweke kwenye kadi ya kumbukumbu, flashi au laptopu. Nakala iliyobaki ndani ya simu ileile itaibiwa pamoja na simu.

Tatu, lijaribu. Lifungue kwenye simu nyingine au kwenye kompyuta uone majina yamo na namba zimekamilika. Usiamini nakala ambayo hujawahi kuifungua.

Nne, ndipo uzime. Nenda kwenye mipangilio, ingia kwenye akaunti, zima usawazishaji wa majina peke yake. Usibonyeze palipoandikwa kuondoa akaunti. Ukiiondoa, majina yote ya akaunti hiyo yanatoka kwenye simu. Yatabaki kwenye wingu, na kama nenosiri analo fundi, umekwisha. Wenye iPhone, ukizima majina kwenye iCloud simu itakuuliza: yabaki kwenye simu au yafutwe? Chagua yabaki. Isome sentensi yote kabla ya kubonyeza.

Tano, kama unataka majina yakae kwenye simu bila kutegemea akaunti, yaingize upya kutoka kwenye lile faili na uchague yahifadhiwe kwenye simu. Halafu elekeza majina mapya yaende hapohapo, la sivyo kesho yataanza tena kujirundika kwenye akaunti. Laini isikudanganye: nyingi huchukua majina kama 250 tu, tena mafupi.

Na kama kuna aliyekwisha kufuta, asikate tamaa. Orodha ya majina ya Google inaweza kurudishwa ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita, mradi unaweza kuingia kwenye akaunti.

Niseme na hili, maana kuna wanaodhani wakizima wingu wamefunga milango yote. Ruhusa ya programu kusoma majina yako ni mlango mwingine kabisa. Programu za mikopo zinaujua vizuri. Umechelewa kulipa, mjomba wako anatumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zipitie ruhusa za programu zako moja moja. Namba ya mjomba ni ya mjomba, hakukupa uigawe. Nchi nayo imeanza kuliona hilo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Je, wingu ni baya? Hapana. Simu ikichomolewa kwenye daladala, wingu linaweza kukuokoa siku hiyohiyo. Mwenye akaunti yake, nenosiri lake na bando la kutosha anaweza kuliacha liwake, sina ugomvi naye. Ninachokataa ni kuiacha orodha ya ukoo mzima kwenye sehemu moja ambayo hatuna ufunguo wake, halafu siku ya kuzima tunakisia.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Wiki ya mwisho kabla ya likizo, wekeni meza moja pale kafteria, wenzetu wa kompyuta wakae na laptopu, kila mwanachuo atoe nakala ya namba zake na ajifunze kuifanya kwa wengine. Gharama yake ni meza na viti.

Na wewe ukifika nyumbani, kaa na mzazi nusu saa. Mfungulie akaunti yake mwenyewe, nenosiri aliandike yeye na alitunze anapotunzia kadi ya kliniki. Toa nakala. Kisha chukua daftari la kawaida, mwandikie namba ishirini ambazo hawezi kuishi bila hizo, kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani. Baada ya hapo, zima wingu ukitaka.