Uyoga Katika Makopo ya Mboga



Kila mvua zinaposhika twaulizwa swali lile lile. Mtu amepanda tungule, bilingani au mchicha katika makopo uani kwake, na asubuhi moja akuta uyoga umeota chini ya mche, mara nyingi ule mdogo wa rangi ya manjano. Hapo watu huwa makundi mawili. Kundi la kwanza hukimbilia mrututu au mafuta ya taa, au humwaga udongo wote. Kundi la pili husema riziki imejileta yenyewe, wakautia chunguni. Maoni yetu ni kwamba wote wamekosea, na hao wa pili wamekosea zaidi.

Khofu ya kundi la kwanza twaifahamu. Mkulima wa karafuu akisikia neno kuvu, hukumbuka maradhi ya kufa ghafla yaliyokausha mikarafuu mikubwa. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts waliyachunguza, wakayahusisha na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Lakini ile hushambulia mti ulio hai, wala haitoi uyoga wenye kofia. Huu wa makopo hula vitu vilivyokufa: samadi, makumbi, majani makavu na vipande vya mbao. Mwili wake ni nyuzi nyeupe zilizomo udongoni, na kiyoga tukionacho ni kama tunda lake tu. Huozesha takataka, na mboga hupata chakula. Mrututu una shaba isiyoondoka upesi udongoni, na mafuta ya taa huunguza mizizi. Basi nani adui wa mche hapo?

Wenzetu wa bara watupa mfano mzuri. Katika milima ya Mbulu, mkoani Manyara, Wairaqw tangu zamani hufuga ng'ombe nyumbani na kuchukua samadi kuipeleka mashambani, kwa kuwa ardhi yao ni ndogo na huilima mwaka baada ya mwaka. Mtu anayejua kazi ya kubeba samadi hawezi kuitupa kwa sababu imeota uyoga.

Hata hivyo uyoga una habari moja ya kutupa: udongo umelowa mno. Katika maji hayo hayo huja kinyaushi, maradhi yanayoozesha shina la mche mchanga usawa wa udongo. Hilo ndilo la kuogopa, hata katika vitalu vya mikarafuu. Toboeni matundu chini ya kopo, punguzeni maji, na tifueni udongo wa juu.

Sasa twawaambia wanaokula. Wako wanaosema, "Mbona uyoga huliwa?" Ni kweli, huliwa, na ule utokao penye mchwa wasifiwa sana. Lakini ule huishi pamoja na mchwa chini ya ardhi. Hautoki katika kopo la tungule. Huu mdogo wa manjano huchafua tumbo, na iko aina nyingine ya uyoga iuayo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Mlaji huweza kukaa saa sita au zaidi bila ya kuona kitu, kisha akatapika na kuharisha, kisha akaonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Wala kuona kuku au konokono ameula si dalili ya usalama.

Kwa hivyo twashauri hivi. Kiyoga kikitokea king'oeni mapema, hasa penye watoto, mkifukie mbali na mnawe mikono. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha uyoga wenyewe, bila ya kungoja maumivu. Udongo uacheni ufanye kazi yake.

Mboga ya kopo ni ya senti chache. Isitugharimu mtoto.

Katibu wa Chama