Beki, Usibutue Ovyo

Wewe unayefundisha vijana mpira hapo Wete, mji wa timu ya Jamhuri, leo tuseme juu ya mabeki. Watazamaji humpigia makofi beki abutuaye mpira hata ukapita juu ya mikarafuu. Lakini mpira huo hurudi upesi, na hurudi pamoja na adui.

Fanya zoezi hili. Katika nusu ya kiwanja weka kipa, mabeki watatu na viungo wawili, washindane na washambuliaji wawili. Tangu mwaka 2019 sheria yaruhusu beki kupokea goli kiki ndani ya eneo la penalti. Basi anzia hapo. Beki atazame pande zote kabla mpira haujamfikia. Adui akimjia, ajue kuna mwenzake aliyeachwa wazi. Akiwa ni kiungo, ampe pasi ya chini yenye nguvu. Kiungo naye asimame ubavu, apate kuona mbele na nyuma.

Wakati wa masika, kiwanja kikijaa maji, mpira hukwama. Siku hiyo kupiga mbali ni akili, wala si woga.

Lakini lililo kubwa ni hili: kijana akipoteza mpira kwa kujaribu pasi njema, usimkemee mbele ya watu. Ukimkemea, kesho atabutua tena, na hatajifunza kamwe. Mwite kando, umwulize, “Uliona nini?” Akiweza kukujibu, ameanza kuwa beki.