Kuosha Si Kutakasa: Funzo la Mrija wa Bia

Yapo maneno katika lugha ambayo hubebeshwa mizigo isiyolingana na nguvu zake, na neno "safisha" ni mojawapo. Tunasafisha darasa, tunasafisha kidonda, tunasafisha tangi la maji, waganga husafisha nyota, na siku hizi hata fedha za wizi husafishwa. Kitenzi kimoja kimeachiwa kazi ya vitenzi vinne au vitano. Wapo watakaoniambia kwamba hilo si neno, kwani muktadha hufafanua. Nami nashikilia kwamba ni neno kubwa, kwa sababu zipo kazi ambazo muktadha haufafanui lolote, na anayeruka hatua moja tu ya kazi hizo aweza kumuunguza mwenziwe koo.

Mfano nitakaoutumia huenda ukawashangaza baadhi ya walimu na wanafunzi. Nataka kuzungumzia usafishaji wa mirija na mifereji ya bia kwa watu wanaojipikia bia majumbani mwao. Simhimizi mwanafunzi yeyote aonje kileo, na wala sina haja ya kumshawishi asiyekunywa. Nimeuchagua mfano huu kwa kuwa ndani ya mrija mmoja mwembamba mna kemia, biolojia na isimu, na kwa kuwa uchafu wa humo hauonekani kwa macho.

Uraibu huu umeshamiri sana nchini Marekani. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1978, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu watu wazima, kuanzia mwaka wa 1979, kutengeneza bia ya matumizi ya nyumbani bila kutozwa ushuru wa serikali kuu. Kiwango kilichowekwa ni galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Aghalabu anayeanza hutia bia yake katika chupa. Baadaye akichoka kuosha chupa moja baada ya nyingine, hununua pipa la chuma kisichoshika kutu, la lita 19 hivi, la aina iliyotumiwa zamani na kampuni za soda. Pipa hilo hukaa ndani ya jokofu. Gesi ya kaboni dioksidi kutoka katika mtungi wake huisukuma bia, nayo hupita katika mrija wa plastiki wenye uwazi wa milimita 5 hivi, hadi kwenye mfereji uliochomoza mlangoni mwa jokofu. Mwenye nyumba huvuta kishikio, bilauri ikajaa.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Bia haikauki mrijani kila mfereji unapofungwa, bali husalia humo siku nzima, pengine juma zima. Chembe za hamira na protini hujishikiza kwenye kuta za mrija, na bakteria hujikusanya juu yake na kufanya utando mtelezi. Aidha, kalsiamu iliyomo katika maji na kimea huungana na oksaleti, na kufanya gamba gumu ambalo wapishi wa bia huliita jiwe la bia. Gamba hilo lina mikwaruzo na mashimo madogo madogo, na humo viini hupata maficho. Kwenye mdomo wa mfereji, mahali penye hewa, hukaa bakteria wale wale wanaogeuza kileo kuwa siki. Bakteria wa aina za Lactobacillus na Pediococcus, ambao hawahitaji hewa, huichachusha bia na pengine kuipa ladha inayofanana na ya siagi. Mfaransa Louis Pasteur aliyaeleza magonjwa haya ya bia katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1876, akaonyesha kwamba bia haiharibiki kwa bahati mbaya, bali huharibiwa na viumbe hai wasioonekana kwa macho matupu.

Haki itendeke: viini vingi viletavyo maradhi kwa binadamu havistawi ndani ya bia, kwa sababu ya alkoholi, asidi, hopsi na ile gesi yenyewe. Mrija mchafu kwa kawaida huharibu ladha kabla ya kuharibu afya. Hatari kubwa zaidi, kama nitakavyoonyesha, imo katika dawa za kusafishia.

Tazama basi kazi yenyewe inavyofanywa. Chama cha watengenezaji wa bia cha Marekani, Brewers Association, kinashauri mirija isafishwe kila baada ya siku 14. Kwanza, bia iliyobaki husukumwa nje kwa maji. Pili, mrija hupitishiwa mchanganyiko wa kostiki soda wa asilimia 2 hadi 3, uliopashwa moto kiasi, baina ya nyuzi 27 na 43 za Selsiasi. Mchanganyiko huo huzungushwa kwa pampu kwa muda wa dakika 15, au, ikiwa pampu haipo, huachwa umetuama mrijani kwa dakika 20. Alkali hii huyeyusha protini na kuubandua utando. Tatu, mfereji hufunguliwa vipande vipande, pete zake za mpira zikatolewa, na kila kipande kikasuguliwa kwa brashi. Nne, maji baridi hupitishwa tena mpaka alkali yote iishe. Mwanafunzi wa kemia anaweza kuhakikisha jambo hilo kwa karatasi ya litmasi: ile nyekundu ikigeuka buluu, kazi haijakwisha. Kila baada ya miezi mitatu huongezwa hatua ya asidi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita tindikali, kwa kuwa jiwe la bia haliondolewi barabara na alkali. Mwisho, mpishi wa nyumbani hupitisha dawa ya kuua viini kabla ya kuunganisha pipa jipya.

Ninawapa wanafunzi wangu wa isimu maagizo ya namna hii wayatafsiri kutoka Kiingereza. Maagizo hayo hutumia vitenzi vinne tofauti: kimoja cha kuondoa uchafu kwa dawa, kimoja cha kusugua kwa brashi, kimoja cha kuondoa dawa kwa maji, na kimoja cha kuua viini. Tafsiri ninazoletewa, tena na vijana waliofaulu vyema katika Kiswahili, aghalabu husema hivi: safisha mrija kwa dawa, safisha mfereji, safisha kwa maji, halafu safisha tena. Sarufi haina dosari. Insha ingepata alama. Lakini hebu tumpe tafsiri hiyo kijana anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Akifika hatua ya tatu atajiuliza: si nimekwisha kusafisha? Ya nini kurudia? Ataruka hatua hiyo, na bilauri ya kwanza itakayotoka itakuwa na kostiki soda ndani yake.

Hilo si jambo la Wamarekani peke yao. Tangu mwaka wa 2004, kampuni ya East African Breweries ilipoanza kuuza Senator Keg, bia ya pipa imeingia katika vilabu vingi vya miji na vijiji vyetu, nayo hupita katika mirija na mifereji ya aina ile ile. Nimepata kuona kibuyu cha plastiki cha dawa ya kusafishia mirija katika kilabu kimoja. Maandishi yote ya tahadhari yalikuwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi za kuumiza macho, ilhali kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo alizungumza Kiswahili kutwa nzima. Kostiki soda huunguza ngozi na kupofusha macho. Asidi ikichanganywa na dawa yenye klorini hutoa gesi ya sumu inayoweza kumuua mtu katika chumba kisichopitisha hewa. Mtu anayeambiwa kwamba dawa zote hizi ni "sabuni ya kusafishia" ataona busara kuzichanganya ili zitie nguvu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo katika nguo ya lugha.

Je, Kiswahili ni maskini kiasi hicho? Hasha. Vitenzi tunavyo. Tuna kuosha, tuna kusugua, tuna kukwangua, tuna kusuuza. Mama yeyote anayefua nguo anajua kwamba kusuuza si kufua, na nguo isiyosuuzwa humwasha mvaaji. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia vitenzi hivyo kwa nidhamu pale tunapozungumzia sayansi. Darasani tunaishiwa na maneno ambayo jikoni tunayo tele.

Tena wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya litmasi. Wakalenjin, ambao huhifadhi maziwa ya mursik ndani ya kibuyu, huanza kwa kukisugua kibuyu ndani kwa ufagio mwembamba uitwao sosiot. Baadaye hukipaka ndani makaa ya miti maalumu, mmojawapo ukiwa senetwet. Wamaasai nao hutumia kijiti kinachowaka cha mti wa mzeituni mwitu, yaani oloirien, kukifukiza kibuyu cha maziwa. Angalia utaratibu: kwanza kuondoa uchafu, kisha kushughulikia kile kisichoonekana. Ni hatua mbili zenye majina mawili, na hakuna mama aliyekubali moja iitwe nyingine. Ndio utaratibu ule ule wa mrija wa bia, maana dawa ya kuua viini haipenyi uchafu. Mrija usiooshwa hauwezi kutakaswa.

Kuhusu hilo neno "kutakasa", najua kutakuwa na ubishi. Wapo watakaosema kwamba ni neno la ibada na halifai kushushwa hadi kwenye pipa la bia. Nawakumbusha mwaka wa 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, watu walipohitaji jina la ile dawa ya kupaka mikononi. Neno "kitakasa mikono" lilienea redioni, magazetini na madukani, bila ya mtu kulalamika kwamba dini imevunjiwa heshima. Lugha hupanua maana ya maneno yake inapolazimika. Tulilazimika, tukaweza. Kwa nini tungoje janga jingine?

Upande wa majina nao una mtego wake. Mkenya akisema "mfereji" ana maana ya kile chombo cha kufungulia maji. Mtanzania akisikia neno hilo hufikiria mtaro wa maji, na chombo kile yeye hukiita bomba. Kwa Mkenya, bomba laweza kuwa neli yenyewe inayopitisha maji. Basi agizo la "fungua bomba ulisugue" laweza kumfanya mmoja achukue brashi na mwingine achukue msumeno. Sisemi kwamba upande mmoja una haki kuliko mwingine. Nasema tu kwamba anayeandika maagizo sharti aamue, aeleze mwanzoni neno gani ni la kitu gani, na asibadilike mpaka nukta ya mwisho. Huo ndio msingi wa istilahi, na si lazima msamiati wake utungwe upya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia TUKI, kilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Ni shule ngapi zetu za upili zenye nakala ya kamusi hiyo maktabani?

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haiishii katika hotuba za sikukuu na mashindano ya mashairi. Ni lazima iweze kumwambia kijana mwenye glavu mkononi: osha kwa alkali dakika kumi na tano, sugua mfereji, suuza mpaka litmasi isigeuke, ndipo utakase; na usichanganye dawa hii na ile. Lugha isiyoweza kusema hivyo kwa uwazi itabaki kuwa lugha ya kuimbia, na wanaoifahamu hiyo peke yake ndio watakaoungua.

Nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili jambo moja ambalo halihitaji fedha za wizara. Muhula huu, wekeni kando kwa juma moja insha ya "Siku Nisiyoisahau". Mwambieni mwanafunzi aandike maagizo ya kazi halisi: kusafisha tangi la maji la shule, kusafisha kibuyu cha maziwa, kusafisha kidonda. Mpigeni marufuku kutumia neno "safisha" hata mara moja. Kisha mwenzake asiyeijua kazi hiyo ayasome maagizo na kueleza, hatua kwa hatua, atakalolifanya. Akikwama, insha imeanguka, hata kama imejaa methali na tamathali za usemi. Na walimu wa sayansi nao wawe tayari kuketi na wenzao wa Kiswahili katika chumba cha walimu na kukubaliana juu ya maneno hayo manne: kuosha, kusugua, kusuuza, kutakasa. Yakishakubaliwa, yaandikwe ukutani mwa maabara, mahali ambapo kila anayeshika chupa ya asidi atayaona.