NASAHA ZA NYUMBANI: Diski Inayokatika, na Amana Iliyomo Ndani Yake

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo: mwezi huu tumeletewa suala na dada yetu mmoja, nasi tumeona tulijibu kwa urefu, kwani nyumba nyingi za Waislamu siku hizi zina chombo hiki anachokiuliza, na wengi hupatwa na msiba wake wasijue la kufanya.

SUALA

Dada yetu asema: Marehemu baba yake alikuwa akisomesha tafsiri ya Kurani kila mwezi wa Ramadhani, na darsa zake za miaka mingi zilirikodiwa, zikatiwa katika diski ya nje, ile ndogo ya kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Hapana nakala nyingine. Tangu mwezi wa Shaabani diski hiyo imekuwa ikikatika: husikiliza kidogo, mara kompyuta hulia, diski ikatoweka katika kioo, baada ya punde hurudi, kisha ikakatika tena. Mumewe amshika mwana wao wa miaka 13 kuwa ndiye aliyeiangusha. Kijana akana na kuapa. Fundi mmoja naye amewaambia dawa yake ni kuifomati. Dada yetu auliza: afuate lipi, na je, darsa za baba yake zimekwisha kupotea?

JAWABU

Dada yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako, na aijaalie elimu aliyoiacha iwe sadaka yenye kuendelea. Jawabu letu la kwanza ni fupi: usikubali diski hiyo ifomatiwe. Kufomati ni kuiandaa diski upya kana kwamba haina kitu. Ni mfano wa mtu aliyeona jalada la kitabu limelegea, akayafuta maandishi yote ili apate karatasi nyeupe. Huenda baada ya hapo diski ikatulia, na huenda isitulie, lakini darsa zitakuwa hazimo. Na ikiwa kompyuta yenyewe itakuuliza, kama zifanyavyo zile za Windows, kuwa diski yataka kufomatiwa kabla ya kutumika, ikatalie. Kadhalika ikikwambia kuwa imeona kosa na yataka kulitengeneza, isubirishe. Kwani kutengeneza huko ni kuandika juu ya diski, na diski yenye shaka haiandikwi kabla ya kuokolewa kilichomo.

Jawabu letu la pili ni kuwa diski kukatika si dalili ya kuwa imekufa. Ndani ya kile kijumba chake mna sahani inayozunguka, katika diski nyingi za aina hiyo mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mna kidole chembamba kinachosoma huku kikielea bila ya kuigusa. Umeme wa kuizungusha sahani hautoki ukutani. Hutoka katika kompyuta, na hupita katika waya ule ule upitao sauti za mzee wetu. Basi waya ukilegea, au umeme ukipungua kwa nukta moja, diski na kompyuta hupotezana, na kompyuta husema diski imeondoka. Yamkini mwenye ila ni waya, au tundu, au kompyuta yenyewe, nayo diski ikatiwa makosani bure.

Sababu zilizo nyingi ni nne, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni waya na tundu. Alama yake ni kuwa diski hukatika ukiugusa waya, au ukiisogeza kompyuta, au mtu akipita akaitikisa meza. Waya wa diski hizi ni mwembamba, nao hukunjwa na kuviringishwa kila siku mpaka nyuzi zake za ndani zikachoka, hali ya kuwa ngozi ya nje ni nzima. Matundu nayo huingia vumbi na kulegea. Nasi tukaao karibu na bahari twajua jinsi upepo wa chumvi unavyokula kila kichuma.

Ya pili ni uchache wa umeme. Alama yake ni kuwa diski hukatika mara tu ikianza kuzunguka, au inapofanya kazi kubwa kama kunakili mafaili mengi, au inapochomekwa pamoja na vitu vingine katika kile kifaa kinachogawa tundu moja likawa manne. Tundu la USB la aina ya pili hutoa miliampea 500 kwa kipimo chake, na la aina ya tatu, ambalo mara nyingi ndani yake ni la rangi ya buluu, hutoa 900. Na sahani inapoanza kuzunguka hutaka umeme zaidi kuliko inapokwisha kushika mwendo, kama gari lililobeba mzigo linavyotaka nguvu zaidi katika kuondoka. Basi ukiugawa umeme wa tundu moja kwa diski, na simu, na kipanya, diski ndiyo itakayokosa.

Ya tatu ni usingizi wa kompyuta. Alama yake ni kuwa diski hukatika ikiwa imekaa kimya dakika kadha bila ya kutumika. Lakini ikifanyishwa kazi mfululizo haina neno. Kompyuta zimefunzwa kuokoa umeme, kwa hiyo huyalaza matundu zinayoyaona hayana kazi, na diski nyingine zikilazwa haziamki vizuri.

Ya nne ni ubovu wa diski yenyewe. Alama yake ni kuwa hukatika kila inapofika katika faili lile lile, au husoma kwa uzito usio wa kawaida, au hutoa mlio wa kugonga, ta-ta-ta, kama kucha juu ya meza. Mlio huo ukisikika, ichomoeni diski wala msiirudishe tena na tena kwa kujaribu bahati. Kila mara inapowashwa, kidole kile huweza kuikwaruza sahani. Wala asiifungue mtu nyumbani kwa bisibisi: kidole huelea karibu mno na sahani, hata chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho kwake ni jabali.

Sasa njia ya kubainisha. Dini yetu imetufunza tusihukumu kwa dhana, bali tuitafute bayana. Na hukumu hii yafaa kwa vyombo kama ifaavyo kwa watu. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila mlilolijaribu liandikeni katika daftari pamoja na saa yake. Anayebadilisha waya na tundu na kompyuta kwa pamoja, diski ikatulia, hatajua ni lipi lililoiponya.

Anzeni na tundu. Ondoeni kifaa cha kugawa matundu, na diski muichomeke katika kompyuta yenyewe. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, tumieni matundu ya nyuma, kwani yale ya mbele hufikiwa kwa waya mwingine wa ndani ambao nao huweza kuwa na ila. Ondoeni na vifaa vingine visivyohitajiwa.

Kisha badilisheni waya. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Diski nyingi ndogo zina tundu bapa lililogawanyika sehemu mbili, moja pana na moja fupi. Katika ile sehemu pana huingia waya wa kawaida wa simu za zamani, ule mwembamba wa Micro-USB, na diski ikafanya kazi, ingawa kwa mwendo wa polepole. Kwa hivyo shahidi wa pili yumkini yumo katika saraka ya jikoni. Lakini hakikisheni kuwa ni waya wa kupitisha mafaili, kwani ziko nyaya za kuchaji tu. Nao uwe mfupi. Waya mrefu mwembamba hupoteza umeme njiani.

Kisha jaribuni kompyuta nyingine, ya jirani au ya madrasa. Diski ikitulia huko kwa waya ule ule, ila imo katika kompyuta ya nyumbani. Hapo fungueni mipango ya umeme ya Windows, mtafute kifungu cha USB, na mzime ruhusa ya kuyalaza matundu. Tena katika orodha ya vifaa, ipatikanayo kwa kubonyeza kwa kitufe cha kulia alama ya Windows, nendeni sehemu ya USB iliyo karibu na mwisho. Katika kila kitovu cha USB mtaona, aghalabu, ukurasa wa umeme wenye tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima. Iondoeni tiki hiyo, kisha muiwashe kompyuta upya.

Na ikiwa diski itakatika kwa nyaya mbili, katika matundu tofauti, na katika kompyuta mbili, basi mashahidi wametimia: ila imo katika diski au katika kijumba chake. Mfano wa programu ya kupima afya ya diski ni CrystalDiskInfo, ambayo haina malipo. Nayo huonyesha idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa na zile zinazosubiri. Hesabu hizo zikiwa zinapanda kutoka siku moja hata nyingine, jueni kuwa wakati ni mfupi.

Lakini, dada yetu, usingoje uchunguzi umalizike ndipo uokoe. Mara tu diski itakapotulia, hata kwa robo saa, nakilini. Iwekeni juu ya kitu kigumu kilicho sawa, si juu ya godoro wala mapajani, na isisogezwe ikiwa yazunguka. Anzeni na kilicho bora kuliko vyote: kama mzee aliisomesha Suratu Yasin mwaka wake wa mwisho, hiyo kwanza; picha za harusi na mengineyo yatafuata. Nakilini darsa chache chache, si folda zima kwa mara moja, ili ikikatika mjue mlipofika. Faili likikwama, lirukeni mwende linalofuata, mtalirudia baadaye. Na ikiwa kunakili kwa mkono kumeshindikana, mtafuteni fundi ajuaye programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza yaliyo mazima, huandika pale palipokataa, na diski ikikatika huendelea kutoka ilipoachia. Fundi atakayekwambia kabla ya kutazama kuwa dawa ni kufuta, mshukuru kwa adabu, kisha uende kwa mwingine.

Limebaki jambo la kijana, nalo kwetu sisi ni zito kuliko diski. Ni kweli kuwa diski ikianguka huharibika, na zaidi ikianguka hali ya kuwa yazunguka. Lakini umekwisha kuona kuwa katika sababu nne tulizozitaja, tatu huweza kutokea bila ya diski kuanguka. Baba hakuona, na kijana ameapa. Kwa nini basi atiwe hatiani? Mali ikiharibika hupatikana nyingine. Lakini mtoto aliyeitwa mwongo naye amesema kweli, hujifunza kuwa ukweli hauna faida nyumbani kwao. Twamnasihi mume wa dada yetu amkalishe kijana huyo ubavuni, wafanye uchunguzi huu pamoja, na kijana awe ndiye mwenye kushika daftari. Waya mwingine ukiituliza diski, baba na amtake radhi mwanawe mbele ya wale wale aliomlaumu mbele yao. Hilo halimpunguzii baba heshima, humwongezea. Na ikidhihiri kuwa diski imeharibika, hata hivyo kuharibika si ushahidi wa nani aliyeiharibu. Sahani huchakaa kwa umri wake.

Mwisho, tuzingatie wenyewe wapi lilianza kosa. Halikuanza siku diski ilipokatika; lilianza siku darsa za miaka mingi zilipowekwa mahali pamoja tu. Masahaba walikuwa wameihifadhi Kurani vifuani, na pia imeandikwa juu ya ngozi na mifupa na makuti. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (632–634), Sayyidna Omar hakusema kuwa waliobaki watatosha. Alitoa shauri ikusanywe, na kazi akapewa Zaid bin Thabit. Kisha Sayyidna Uthman, katika ukhalifa wake (644–656), akaamrisha ziandikwe nakala, zikapelekwa katika miji mbali mbali. Hatulinganishi sauti za darsa na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Lakini njia ya watu hao katika kuhifadhi ndiyo tunayoiiga. Kilicho na thamani hakiachwi kwa mlinzi mmoja.

Kwa hivyo darsa zikiokolewa, zifanyieni nakala mbili juu ya ile ya asili: moja katika diski mpya ya nyumbani, na nyingine ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au madrasa, ili moto au mwizi akiingia hapa, pale pabaki. Kila mwaka ukiingia Rajabu, kabla ya Ramadhani, zifungueni zote mbili mzisikilize kidogo. Kwani nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ipo. Wala msiichomoe diski kwa ghafula ingali inaandika; iombeni kompyuta iiachie kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aizihirishe haki ya kijana ikiwa ni mwenye haki, na aturejeshee sauti ya mzee wetu isikike tena nyumbani kwake Ramadhani ijayo. Wallahu aalam.