Video za Safari Rally ya Kitambo: Sheria Imefungua Mlango, Kanda Ndio Shida

Wasee, uliza wazee wa Kiambere kuhusu Safari Rally ya Pasaka. Miaka mingine mbio zilizunguka Mlima Kenya, zikapita Embu na Meru, na watu wakapanga laini barabarani kungoja vumbi. Sasa jaribu kutafuta video. Unapata vipande vifupi, vingi vikiwa na nembo ya kampuni ya Uingereza kwa kona.

Hapo ndio kuna noma. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alibeba mara tano, nne zikiwa mfululizo, 1979 hadi 1982. Ni mastaa wetu, lakini kuwaona ni mpaka upitie British Pathé. Wajapani nao walipiga filamu nzima, Safari 5000, mwaka wa 1969, Yujiro Ishihara akiwa staa. Sisi tuko na story tu.

Cheki sheria sasa. Hakimiliki ya Kenya inalinda matangazo ya TV miaka 50, kuhesabu kutoka mwisho wa mwaka yaliporushwa. Maanake chenye Voice of Kenya ilirusha 1974 kilikuwa huru mwisho wa 2024. Za 1976, mwisho wa 2026. (Muziki ulio ndani una haki zake, usijichome.)

Lakini sheria haimlazimishi mwenye kanda akufungulie stoo. Na enzi hizo kanda zilikuwa ghali. Hata BBC ilifuta vipindi vyake ikarekodi vingine juu. Kungoja KBC pekee, mimi naona ni kujidanganya.

Kanda zingine ziko kwa nyumba za watu. Mwaka wa 1988, bwawa la Kiambere likianza kutoa stima, Miki Biasion alishinda na Lancia, na wenye doo tayari walikuwa na deki za VHS. Kama guka alirekodi, cheki hiyo kanda kwanza. Ukiona kuvu nyeupe, usiingize kwa deki, itaharibu zote mbili. Tafuta fundi aisafishe, aihamishe kwa kompyuta, kisha uandike mwaka na mahali guka akiwa bado anakumbuka.

Kuipost ni story ingine: ya 1988 inalindwa hadi mwisho wa 2038. Na hiyo kanda, vile imelala kwa joto la Mbeere, sidhani itafika huko.