Kosa la Kwanza na Mdhamini Asiyepatikana

Kijana anapokamatwa kwa mara ya kwanza akituhumiwa kuiba simu au debe la mahindi, jumuiya zetu nyingi huwa zimekwisha kutoa hukumu kabla hakimu hajalifungua jalada. Jina lake hufutwa katika kwaya, na baba yake hasalimiwi kanisani. Mwenendo huo ni kinyume cha Injili. Tena ni kinyume cha Katiba ya Tanzania, ambayo ibara yake ya 13 yakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitika.

Wizi si jambo dogo. Kanuni ya Adhabu imeuwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 7, na mama aliyeibiwa mbegu zake za msimu ana haki ya kulia. Lakini miaka 7 ni ukomo, wala si kipimo cha kila mkosaji. (Wizi wa ng'ombe una adhabu yake, nayo ni kali zaidi.) Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri mengi ya namna hii husikilizwa, kwa kawaida haiwezi kutoa kifungo cha zaidi ya miezi 12. Aidha, hakimu akiisha kutazama umri wa mkosaji, mwenendo wake wa nyuma na uzito wa kosa, sheria humruhusu kumwachilia kwa sharti la kutotenda kosa tena, kumweka chini ya uangalizi, au, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kumpa kazi ya kuitumikia jamii bila malipo. Naye aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa hutokea kabla ya hukumu. Mahabusu wenzake humwambia kijana, "Kubali, yaishe." Naye hukubali hata asichokielewa. Hayo si maungamo mbele ya padre: hatia huandikwa, na kwa kawaida hawezi tena kukata rufaa ila dhidi ya adhabu tu. Akishtakiwa tena siku nyingine, hahesabiwi kuwa mkosaji wa mara ya kwanza.

Kisha kuna dhamana. Wizi wa kawaida una dhamana, nayo haiuzwi. Hutakiwa mdhamini anayefahamika, mara nyingi mwenye barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Kijana husota mahabusu pamoja na wazoefu wa uhalifu kwa sababu tu hakuna aliyejitokeza.

Wapo viongozi wa walei wasemao kwamba tukimdhamini mtuhumiwa tutaonekana tunautetea wizi. Sikubaliani nao. Mdhamini hasemi kwamba mtu huyu hana kosa. Anaahidi kwamba atafika mahakamani siku iliyopangwa. Ahadi hiyo ina gharama, kwani mtuhumiwa akitoroka, mdhamini aweza kudaiwa fedha. Ndiyo sababu haifai kumwachia mjane mmoja mzigo huo.

Napendekeza kila kigango kiteue wazee wawili watakaokwenda kituoni siku ileile, kabla ya usiku kuingia. Mmoja wao apitie pia nyumbani kwa aliyeibiwa, ampe pole na kuuliza ni kitu gani kinaweza kurudishwa, maana hakimu naye atauliza.